Cheti cha Nishati kwa Jengo la Umma Arusha: Anza na Mita

Kama wewe ni mganga mfawidhi, mkuu wa shule, mhandisi wa halmashauri au mtu yeyote anayesaini malipo ya umeme wa jengo la umma kati ya Ngaramtoni na Usa River, iko siku utaulizwa swali moja: jengo lako linatumia nishati kiasi gani kwa mwaka kwa kila mita ya mraba? Atauliza mfadhili anayetaka kukarabati wodi, au mkaguzi, au barua itoke wizarani. Cheti cha matumizi ya nishati ni jibu la swali hilo, likiwa limehakikiwa na mtu mwenye sifa, kisha likabandikwa mahali pa wazi.

Tuanze na sheria. Hadi sasa hakuna sheria ya Tanzania inayolazimisha jengo la umma kuwa na cheti cha aina hiyo. Kilichopo ni mwelekeo. Desemba 2024 wataalamu wa Afrika Mashariki walikutana papa hapa mjini, katika ukumbi wa AICC, kujadili matumizi bora ya nishati, na nchi sasa ina mkakati wa taifa kuhusu jambo hilo. Majirani wametangulia. Kanuni za Kenya za 2012 zinataka kila kituo kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka kikaguliwe kila baada ya miaka 3. Afrika Kusini imekwenda mbali zaidi: tangu Desemba 2020, majengo ya serikali yanayozidi mita za mraba 1,000 yanatakiwa kuwa na cheti chenye daraja A hadi G, kinachobandikwa mlangoni na kudumu miaka 5. Waliotakiwa kutekeleza hawakuwa tayari, ikabidi tarehe ya mwisho isogezwe kutoka Desemba 2022 hadi Desemba 2025.

Kilichowakwamisha wengi ndicho kitakachokukwamisha wewe pia. Cheti kinadai kumbukumbu za miezi 12 mfululizo, na kumbukumbu hizo huwezi kuzinunua wala kuzitengeneza baadaye. Siku sheria itakapotoka, asiye na daftari atakuwa amechelewa mwaka mzima. Kwa hiyo nakushauri uache kuuliza cheti kinatolewa wapi, uanze na mita yako mwezi huu.

Miezi 12 ya yuniti

Orodhesha mita zote. Kituo cha afya cha kawaida kinaweza kuwa na LUKU ya jengo la wagonjwa wa nje, nyingine ya wodi, nyingine ya pampu ya maji, na moja ambayo hakuna anayeikumbuka iliyofungwa wakati wa mradi fulani. Andika namba ya kila mita na sehemu inayoilisha. Ukikuta nyumba ya mtumishi imeunganishwa kwenye mita ya zahanati, usimwite mtu mwizi. Ifungie mita ndogo ili matumizi yake yatolewe kwenye hesabu. Ofisi iliyopanga ghorofa moja ndani ya jengo la mtu mwingine nayo itahitaji mita ndogo, la sivyo utaishia kukisia.

Kisha hesabu yuniti, usihesabu shilingi. Kosa hili linafanywa sana kwa sababu mhasibu ana risiti za fedha na ndizo anazokukabidhi. Katika bei zilizopangwa na mdhibiti wa nishati, EWURA, mwaka 2016, yuniti ya kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ni shilingi 292, ila ukiongeza VAT ya asilimia 18, tozo ya REA asilimia 3 na tozo ya EWURA asilimia 1 inafika 356. Mita nyingine zinakatwa kodi ya majengo kila mwezi, nyingine zinakatwa deni la zamani. Fedha ileile inaweza kuleta yuniti tofauti Januari na Februari. Yuniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, na hicho ndicho kipimo cha cheti.

Kuna mtego mwingine. Yuniti ulizonunua si lazima ziwe ndizo ulizotumia. Zipo ofisi zinazonunua umeme wa miezi mitatu kwa mpigo Juni ili fungu lisirudi Hazina. Ukitumia risiti peke yake, Juni itaonekana kama mwezi wa karamu, na Julai kama jengo lilifungwa. Dawa yake ni kusoma mita yenyewe. Kila tarehe 1, mtu mmoja abonyeze msimbo unaoonyesha jumla ya yuniti zilizopita tangu mita ifungwe (msimbo unatofautiana kwa kampuni iliyotengeneza mita, fundi wa TANESCO atakuonyesha), aandike tarakimu hizo na apige picha ya kioo. Picha ni muhimu. Karatasi ya risiti hufifia ikabaki nyeupe, lakini picha yenye tarehe itamridhisha mkaguzi miaka mitatu baadaye.

Jengo kubwa lililo kwenye kundi la T2, yaani linalopita wastani wa yuniti 7,500 kwa mwezi, kazi yake ni nyepesi kwa sababu ankara inakuja na usomaji wa mita. Humo utaona pia malipo ya kVA, yaani kilele cha mahitaji yenu ndani ya mwezi. Cheti hakiulizi kilele, lakini bajeti yako inakiuliza. Kwa bei hizo za 2016 kila kVA ni zaidi ya shilingi 15,000, na kuwasha pampu, mashine za kufulia na vichemshio vyote saa 2 asubuhi ni kununua kilele usichokihitaji.

Jenereta isisahaulike. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowati-saa 10. Kama daftari la jenereta linaandika saa tu bila lita, lirekebishe leo. Sola iliyopo juu ya paa nayo ihesabiwe, kwa safu yake.

Jikoni

Hapa ndipo miongozo iliyoandikwa Ulaya inapompoteza msomaji wa Arusha. Kwa shule ya bweni, umeme ni sehemu ndogo ya nishati inayotumika. Chukua mfano wa kubuni: shule inatumia yuniti 15,000 za umeme kwa mwaka na inapokea tani 60 za kuni. Kilo moja ya kuni zilizokauka vizuri ina takriban kilowati-saa 4. Tani 60 basi ni 240,000, mara 16 ya umeme wote wa shule. Ukibadilisha taa zote na kuziita mradi wa nishati, umegusa ukingo wa sahani.

Kwa hiyo shule, gereza na hospitali zinazopika ziandike nishati ya jikoni kwa uzito. Kuni zinaingia kwa lori, na lori halina kipimo. Pima mzigo mmoja kwenye mizani ya mazao, hata mara moja kwa muhula, upate wastani wa kilo. Mkaa ni takriban kilowati-saa 8 kwa kilo, gesi ya mitungi takriban 13. Kazi hii inakusaidia kwa jambo jingine lililoko mezani kwako tayari: serikali imeziagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na tarehe iliyotangazwa kwao ilikuwa Januari 2024. Ukiwa na uzito wa kuni za mwaka mmoja, unaweza kukokotoa mitungi au umeme utakaohitajika. Bila uzito huo utabaki kuomba fedha kwa kukadiria, na makadirio ya jikoni huwa yanakosea kwa mbali.

Mita za mraba

Nusu ya pili ya hesabu ni eneo la sakafu. Ukiwa na michoro ya jengo, vizuri. Kwa kawaida haipo, au ipo ya jengo kabla halijaongezwa vyumba. Chukueni tepu ya mita 30, watu wawili, mpime ndani ya kuta za nje, ghorofa kwa ghorofa. Veranda iliyo wazi, maegesho na kibanda cha mlinzi viacheni nje. Stoo iliyofungwa ihesabiwe. Jambo la msingi ni kuandika mlichojumuisha na mlichoacha, ili anayekuja mwakani apime vilevile.

Sasa gawanya. Tuseme jengo la ofisi la mita za mraba 1,200 limetumia yuniti 42,000 na lita 800 za dizeli. Jumla ni kilowati-saa 50,000, na ukigawanya kwa 1,200 unapata karibu 42 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Namba hiyo ndiyo kiini cha cheti chochote utakachopewa, kiwe cha Pretoria au cha London.

Daraja zuri linaloficha ubovu

Uingereza imekuwa ikibandika vyeti vya namna hii kwenye majengo ya umma tangu 2008, vikitumia usomaji halisi wa mita. Katika viwango vyao, ofisi ya kawaida inakadiriwa kutumia kilowati-saa 95 za umeme na 120 za joto kwa kila mita ya mraba. Ofisi yetu ya 42 ikipelekwa huko itapata daraja la juu, na wala hamjabadilisha hata balbu moja. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Hatupashi majengo joto miezi sita, na mwenye kuhitaji kiyoyozi mchana kutwa ni chumba cha seva au stoo ya dawa. Usikubali mtu akuuzie ulinganisho wa Ulaya. Utakuvisha taji usilolistahili.

Kuna daraja zuri jingine lililo baya zaidi. Zahanati ambayo friji lake limekufa, wodi inawashwa taa mbili kati ya nane, na mashine ya kutakasa vifaa imekaa mwaka mzima ikisubiri fundi, itatoka na namba ndogo ya kupendeza. Hospitali inayofanya upasuaji usiku itatoka na namba kubwa. Ukisoma namba peke yake, utampongeza anayeshindwa kuhudumia na kumkaripia anayefanya kazi.

Ndiyo maana ninasisitiza ukurasa wa pili wa daftari, ambao vyeti vingi vya nje havina. Andika idadi ya wagonjwa au wanafunzi kwa mwezi, vitanda vilivyotumika, saa za kufungua, siku umeme ulipokatika, na vifaa vikubwa vilivyokuwa vibovu. Kwenye wodi ya wazazi andika pia kama maji ya moto yalikuwepo. Julai hapa chini ya Mlima Meru si mwezi wa kumwogesha mtoto mchanga kwa maji ya bomba. Ukipanda kutoka 30 kwenda 38 kwa sababu hita imetengenezwa, huo ni mwaka mzuri, na daftari litakutetea mbele ya yeyote atakayeuliza kwa nini namba imepanda.

Linganisha jengo lako na lenyewe la mwaka jana, halafu na majengo ya aina yake hapa hapa. Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru zina zahanati na shule za kutosha kupata wastani wa haki, kama kila moja itapeleka namba zake kwa mhandisi wa halmashauri kwa mtindo mmoja. Hilo halihitaji sheria mpya, linahitaji barua ya mkurugenzi na jedwali la kompyuta.

Kipimo cha usiku

Kabla ya kumlipa mtaalamu, fanya jaribio hili. Siku ya kazi ofisi ikifungwa, saa 12 jioni, soma mita. Soma tena saa 1 asubuhi kabla mtu hajawasha chochote. Tuseme tofauti ni yuniti 26. Katika saa 13 hizo jengo tupu limekuwa likivuta kilowati 2 mfululizo. Kwa mwaka ni yuniti 9,490, na kwa bei ya T1 pamoja na kodi zake ni zaidi ya shilingi milioni 3.3, watu wakiwa wamelala.

Zunguka sasa na mlinzi, kwa sababu yeye ndiye anayelijua jengo usiku. Mara nyingi mtakuta mashine za maji ya kunywa zinachemsha na kupoza maji ya mtu asiyekuwepo, taa za nje ambazo swichi yake ilivunjika zikaunganishwa moja kwa moja, friji la ofisi lenye chupa moja ya soda, na pampu inayowaka kila baada ya robo saa. Hiyo pampu itazame vizuri. Inawaka kwa sababu tenki linashuka, na tenki linashuka kwa sababu choo fulani kinavuja. Fundi bomba atakupunguzia bili ya umeme kuliko fundi umeme.

Mchana kazi kubwa ni taa na chai. Tubu laiti ya wati 36 pamoja na choki yake huvuta karibu wati 44; ya LED inayochukua nafasi yake, 18. Ukibadilisha 100 zinazowaka saa 9 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, unaokoa yuniti 5,850, karibu 5 kwa kila mita ya mraba katika jengo letu la mfano. Ila kabla ya kununua fungua mapazia. Majengo mengi ya zamani ya mji huu yalipangwa vizuri, madirisha yakitazama kaskazini na kusini, veranda ndefu, dari za juu. Tumeyaharibu wenyewe kwa kuziba madirisha kwa makabati ya majalada na kuwasha taa saa 4 asubuhi. Birika la umeme la wati 2,000 katika kila chumba nalo ni jambo la kukaa chini na kuelewana. Birika moja kubwa na chupa za chai zinatosha korido nzima. Sitalisemea zaidi, kila ofisi ina siasa zake za chai.

Karatasi yenyewe

Ukiwa na miezi 12, zipo njia tatu za kupata karatasi inayotambulika, na moja ya kujifanyia.

Ya kwanza ni ripoti ya ukaguzi wa nishati. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwenye uzoefu wa kazi hii, au taasisi kama TIRDO ya Dar es Salaam, ambayo hufanya ukaguzi wa nishati. Kwa vipimo vya awali, Chuo cha Ufundi Arusha na Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru zina wanafunzi wanaohitaji miradi. Barua yenye namba za miezi 12 itawavutia kuliko ombi tupu.

Ya pili ni EDGE, mfumo wa shirika la IFC. Programu yake ni ya bure mtandaoni: unaingiza aina ya jengo, mahali na vifaa, nayo inakuambia kama umefikia akiba ya asilimia 20 kwa nishati, kwa maji na kwa kaboni iliyomo kwenye vifaa vya ujenzi. Gharama inakuja unapoomba mkaguzi na cheti. Inafaa sana kwa jengo jipya au ukarabati mkubwa ambao mfadhili anataka alama ya kimataifa. Kasoro yake ni kwamba msingi wake ni makadirio ya jengo. Linaweza kuwa na cheti na bado liwake usiku kucha.

Ya tatu ni ISO 50001, ambayo inathibitisha taasisi yako ina utaratibu wa kusimamia nishati. Kwa hospitali ya rufaa au mamlaka ya maji ina maana. Kwa zahanati ni mzigo.

Ya kujifanyia ni karatasi moja ya A4: jina la jengo, mwaka, mita za mraba, kilowati-saa za kila chanzo, namba ya mwisho, waliohudumiwa, na cheo cha aliyesaini. Iiteni tamko la matumizi ya nishati. Msiiite cheti, kwa sababu hakuna aliyeihakiki, na siku cheti halali kitakapokuja hamtaki kuonekana mliwahi kughushi.

Ukimtafuta mtaalamu wa kulipwa, zabuni itapita kwenye mfumo wa NeST kama manunuzi mengine. Katika hadidu za rejea taja mambo mawili bila kuzungukazunguka. Akabidhi jedwali lenye hesabu zote, asilete ripoti ya kurasa 80 peke yake. Na asiwe muuzaji wa vifaa atakavyopendekeza. Ukaguzi wa bure kutoka kwa muuza sola huwa una jibu kabla haujaanza. Mapendekezo atakayotoa yapangwe kwa gharama na muda wa kurudisha fedha, na yale yasiyo na gharama yaanze wiki hiyohiyo bila kusubiri mwaka mpya wa fedha. Kwa majengo ambayo jenereta, lifti na viyoyozi vyake vinahudumiwa na TEMESA, mwite fundi wao siku ya ukaguzi. Vinginevyo mtapendekeza kubadilisha kifaa ambacho tayari kiko kwenye ratiba yao.

Bandika karatasi pale watu wanaposubiri, karibu na dirisha la malipo au ubao wa matangazo, kwa maandishi yanayosomeka kutoka mita mbili. Weka na ya mwaka uliopita kando yake.

La mwisho ni uhamisho. Watumishi wa umma huhama, na mara nyingi namba za mita, picha za usomaji na nywila ya jedwali vinahama nao kwenye simu zao. Ingiza daftari la nishati katika orodha ya makabidhiano ya ofisi, pamoja na funguo na mhuri, likiwa na ukurasa wa kwanza wenye mita zote, mahali zilipo, msimbo wa kusoma kila moja, na cheo cha anayesoma tarehe 1.